Maji, Chumvi na Sukari: Somo Nililolipata Bongaon

Mhariri ameniomba niwaandikie habari za safari yangu ya Bara Hindi. Habari za majumba na masoko wengine wamekwisha kuziandika vizuri kuliko niwezavyo. Mimi nitaandika juu ya siku sita nilizolala mgonjwa katika mji mdogo wa Bongaon, kwa maana hapo nilielewa jambo la Sayansi ambalo darasani nililiandika daftarini bila kulifikiri.

Ilikuwa mwaka wa 2017. Mimi na mwenzangu, naye ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, tulikuwa tukisafiri na mashanta mgongoni kutoka Kolkata kwenda Bangladesh. Gari la moshi hutoka kituo cha Sealdah likafika Bongaon kwa muda wa saa mbili hivi, na kutoka hapo mpaka si mbali. Kabla ya kupanda nilikunywa bilauri mbili za maji ya miwa yenye barafu, kwa kuwa jua lilikuwa kali na bei ilikuwa ndogo. Miwa haikuwa na kosa. Barafu ile sikuuliza imetokana na maji gani.

Saa nane ya usiku tumbo likafunguka. Nilikwenda chooni mara kumi, kisha nikaacha kuhesabu. Alfajiri misuli ya miguu ilikuwa ikinikaza hata nikapiga kelele. Mwenzangu akanishauri nisinywe kitu, ili tumbo lipate kupumzika. Simlaumu, maana ndivyo tulivyoambiwa nyumbani. Nilipokuwa darasa la nne mdogo wangu wa kike alishikwa na tumbo la kuhara. Kila alipolilia maji shangazi alimnyima, akisema kuwa maji huzidisha kuhara. Siku ya tatu mtoto hakulia tena. Na shangazi alimpenda yule kuliko sisi sote.

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mama mzee. Wageni wote walimwita Mashima, yaani mama mdogo kwa Kibengali, nami nikamwita hivyo. Alinibana ngozi ya mkono kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ya mtu mwenye maji ya kutosha hurudi mara moja. Yangu ilisimama kama kitambaa kilichokunjwa, ndipo ikarudi polepole. Akatazama macho yangu yaliyodidimia, akauliza kama nimekojoa. Tangu usiku, hapana. Basi akamtuma mjukuu wake kwenye duka la dawa, naye akarudi na pakiti za unga mweupe.

Mimi, msomi, nikamimina pakiti nzima katika bilauri moja. Mashima akaninyang'anya, akaimwaga yote dirishani. Pakiti ile ilikuwa ya lita moja! Kila mwanafunzi wa Baiolojia anajua kwamba maji hupita katika utando kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Kama ningalikunywa kinywaji kile kikali, utumbo ungalivuta maji kutoka katika damu yangu, na kuhara kungalizidi. Nilipata alama nzuri katika swali hilo la mtihani, lakini pale sikulikumbuka.

Sasa yafaa tueleze kazi ya unga huo. Mgonjwa wa kuhara hupoteza maji pamoja na chumvi. Akinywa maji matupu, hayashiki vizuri. Mwaka wa 1960 Robert Crane, mwanasayansi wa Marekani, alieleza katika mkutano huko Prague kwamba katika ukuta wa utumbo mwembamba glukosi na sodiamu huingia pamoja, kama watu wawili walioshikana mikono mlangoni. Zikiisha kuingia, maji huzifuata. Na ajabu ni kwamba mlango huo hubaki wazi hata katika kipindupindu. Mwaka wa 1968 David Nalin na Richard Cash walionyesha huko Dhaka kwamba kwa kunywa maji hayo mgonjwa wa kipindupindu huhitaji maji ya mshipani kidogo sana kuliko kwanza.

Bongaon yenyewe imo katika habari hii. Mwaka wa 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa hapo na kipindupindu kikawaingia. Maji ya mshipani yalipokaribia kwisha, Dk. Dilip Mahalanabis aliagiza sukari, chumvi na magadi vichanganywe katika maji safi, na ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu 30 katika kila 100. Wakawa hawafiki 4. Mashima alikuwa msichana wakati ule. Kaka yake alikuwa mmoja wa waliolala sakafuni, naye ndiye aliyemshikia kikombe.

Nami alinishikia. Nilipotapika alingoja dakika kumi, akaanza tena, kijiko kwa kijiko. Alasiri nikakojoa, na mwenzangu akashangilia kama tumefunga bao. Siku ya pili daktari alikuja akasema tuendelee vivyo hivyo, ila nikiona damu chooni, au homa kali, au nikishindwa kabisa kunywa, nipelekwe hospitali upesi. Chakula kilikuwa wali laini na ndizi mbichi za kuchemsha. Sikutegemea kulishwa ndizi za kwetu na Mbengali!

Asiye na pakiti na achukue lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Asizidishe chumvi.

Siku ya saba tulivuka mpaka. Huko Bangladesh, kati ya mwaka wa 1980 na 1990, shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba, zaidi ya milioni 12, kufundisha akina mama kuchanganya maji, chumvi ya kushika kwa vidole vitatu, na konzi ya sukari guru. Kwetu sukari guru ilikaa ndani ya mtungi, karibu na mlango wa jiko. Shangazi angali hai, na huitia katika uji mpaka leo. Habari za Bongaon nimemweleza zote, ila hii ya sukari guru sijamwambia.