Mchezo wa Nyimbo Hufa kwa Nini, na Huponaje?



Mchezo wa nyimbo ni mchezo wa kuigiza ambao hadithi yake huendeshwa kwa kuimba zaidi kuliko kwa kusema. Muhula uliopita sisi wanafunzi wa darasa la mwisho tulitunga mmoja. Ni habari za binti wa mvuvi wa Rumonge, akeshaye ufukweni na kuhesabu taa za ziwani, asijue ipi ni ya baba yake. Tuliimba kwa Kiswahili na Kirundi.

Tulipanga kuuonyesha siku tatu, usiku. Siku ya kwanza walikuja watu 41, ya pili 26, na ya tatu hatukufungua mlango. Tulibaki na deni la fundi cherehani na deni la petroli ya jenereta. Mkuu wa shule akatuita, akasema, "Wanangu, nileteeni hoja. Mkiniridhisha, mtauonyesha tena. Mkishindwa, mavazi yatauzwa ili deni lilipwe." Mimi niliyeimba sehemu ya yule binti nimepewa kazi ya kutafuta hoja. Niliyojifunza nayaandika hapa, labda yatawafaa na wengine wenye kwaya na vikundi vya maigizo.

Jambo la kwanza: hesabu

Mchezo wa nyimbo una gharama za namna mbili. Ya kwanza ni ile iliwayo kabla pazia halijafunguliwa: mavazi, mbao za jukwaa, ngoma. Ya pili ni ile iliwayo kila usiku wa maonyesho: taa, petroli, walinzi wa mlango. Tuseme gharama ya kwanza ni faranga 600,000, na ya kila usiku ni 50,000, na kiingilio ni faranga 1,000. Wakija watu 50, mapato yalingana na gharama ya usiku ule tu, na zile 600,000 hazirudi hata mchezo ukionyeshwa mwaka mzima. Wakija watu 150, zabaki 100,000 kila usiku, na baada ya mara sita deni limekwisha.

Hapa ndipo ilipo hatari yenyewe. Habari ya mchezo mpya hutembea polepole, toka mdomo hata mdomo, lakini deni hukimbia. Mara nyingi mchezo hufa kabla ya habari zake kufika kwa watu ambao wangeupenda.

Jambo la pili: usiku wa kwanza si hukumu

Katika masomo ya Kifaransa twamsoma Victor Hugo, aliyetoa kitabu chake Les Misérables mwaka 1862. Kitabu hicho kilifanywa mchezo wa nyimbo huko Paris mwaka 1980, kisha kikafanywa kwa Kiingereza huko London, Oktoba 8, 1985. Asubuhi yake waandishi wengi wa magazeti waliusema vibaya. Mtu mwingine angeufunga. Lakini mwenye kuusimamia, Cameron Mackintosh, alitazama pia dirisha la tiketi, akaona watu wanazinunua kwa wingi. Aliyeuona alikuwa amemwambia jirani yake. Mchezo ukahamishiwa nyumba nyingine ya maonyesho Desemba mwaka ule ule, na miaka arobaini baadaye ulikuwa ungali ukionyeshwa London.

Kinyume chake ni mchezo uitwao Carrie, ulioonyeshwa New York mwaka 1988. Uliposemwa vibaya, wenye fedha hawakuendelea nao. Ulifungwa baada ya maonyesho 5 tu tangu kufunguliwa rasmi, na zaidi ya dola milioni 7 zikapotea.

Tusidanganyike, lakini. Si kila mchezo uliosemwa vibaya ni mzuri. Fundisho ni hili: kabla ya kuufunga, yatupasa kuuliza swali moja. Je, wale wachache waliokuja, waliwaambia wenzao waje? Kama ndiyo, mchezo u hai bado. Kama sivyo, hata ungepewa fedha nyingi utakufa.

Jambo la tatu: mchezo ni wa nani?

Mfano ulionifundisha zaidi ni wa jirani zetu wa Kenya. Katika kijiji cha Kamirithu, karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi lenye nafasi za watu zaidi ya 2,000. Hapo walionyesha mchezo Ngaahika Ndeenda, uliojaa nyimbo na ngoma, ulioandikwa kwa Kigikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yao hayakufanywa ndani ya mlango uliofungwa. Kila mtu aliruhusiwa kutazama, na wazee walisahihisha maneno na nyimbo palipokosewa. Basi siku ya kufunguliwa, Oktoba 2, 1977, wanakijiji walikuwa wakiujua mchezo kama mali yao. Watu walikuja toka mbali kuutazama.

Hata hivyo serikali ya wakati ule iliufuta ruhusa Novemba 16, 1977, na Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa. Kikundi hakikukata tamaa. Kilitengeneza mchezo wa pili, Maitu Njugira, ambao ulikuwa mchezo wa nyimbo hasa, wenye nyimbo za makabila mbalimbali ya Kenya. Februari 1982 walikuwa wauonyeshe katika Jumba la Michezo la Taifa, Nairobi, wakaukuta mlango umefungwa. Waliendelea na mazoezi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu ya watu wakaja kutazama mazoezi tu, mpaka nayo yakakatazwa. Machi 12, 1982, polisi walilibomoa lile jukwaa la Kamirithu.

Kwa hiyo twaona kwamba watu wengi peke yao hawatoshi. Mchezo wahitaji pia mahali na ruhusa. Lakini tazameni mwisho wake. Ngaahika Ndeenda ulichapwa kitabu mwaka 1980, na Mei 2022 ukaonyeshwa katika Jumba la Michezo la Taifa la Nairobi. Mchezo uliokatazwa miaka 45 nyuma ulirudi, kwa kuwa maneno yake yalihifadhiwa na watu walikuwa hawajausahau.

Jambo la nne: kosa letu

Baada ya kusoma hayo niliona haya, kwa maana sisi tulifanya mazoezi ndani ya ukumbi, milango imefungwa, ili watu wasijue hadithi kabla ya siku yenyewe. Nikashuka ufukweni kuuliza. Nikamkuta mzee mmoja anashona wavu. Nikamwambia, "Baba, mchezo wetu ulikuwa juu yenu wavuvi. Mbona hamkuja?"

Akacheka, akasema, "Mwanangu, mliuweka usiku gani?"

Nikamtajia tarehe. Akaniambia, "Mwezi ulikuwa haupo. Usiku wa giza ndio usiku wa kazi. Mlituita kuja kutazama taa za uongo wakati sisi tuko kwenye taa za kweli."

Sikuwa na jibu. Kila mtoto wa Rumonge ajua kwamba ndagala huifuata taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina nguvu, hivyo wavuvi hupumzika nchi kavu. Sisi tulitazama kalenda ya mitihani tu. Basi wanaume walikuwa ziwani, na wake zao walikuwa wakijiandaa kwenda kupokea samaki alfajiri.

Mama mmoja anikaye ndagala alinisahihisha tena. Aliniambia, "Wewe binti, katika mchezo wenu mtumbwi warudi usiku wa manane na samaki tele. Nani arudiye saa hizo, isipokuwa aliyepatwa na dhoruba? Tuliposikia hivyo tukajua kwamba hamkuuliza mtu." Kumbe yeye alikuwa miongoni mwa wale 41, na hakumwambia jirani yake aje.

Hoja zangu kwa Mkuu wa shule

Basi hizi ndizo hoja nitakazopeleka. Kwanza, mchezo uonyeshwe wakati wa mbalamwezi, wavuvi wakiwa nyumbani na njia ikiwa na mwanga wa kurudia. Pili, uonyeshwe saa kumi jioni, kabla jua halijatua, tusihitaji petroli. Tatu, mazoezi yafanywe ufukweni mara mbili, na akina mama na wazee watusahihishe. Wimbo wa kurudi mtumbwi tumekwisha kuugeuza: sasa ni wimbo wa alfajiri. Nne, maneno yote yaandikwe katika daftari moja na kuwekwa katika maktaba ya shule, ili sisi tukiondoka mwaka huu wadogo zetu waweze kuendelea.

Je, utapona? Sijui kwa yakini, na Mkuu wa shule ajua hesabu kuliko mimi. Lakini juma lililopita nilipita sokoni, nikamsikia yule mama anauimba wimbo wetu wa alfajiri huku anapima ndagala. Alikuwa amebadili maneno mawili, na ya kwake ni mazuri kuliko yetu. Nimeyaandika katika daftari.

Maswali ya kufikiri

1. Kama gharama ya kila usiku ni faranga 50,000 na kiingilio ni faranga 500, wahitajika watu wangapi ili usiku ule usiwe na hasara?

2. Ngaahika Ndeenda uliwezaje kurudi jukwaani baada ya miaka 45?

3. Katika kijiji chenu, ni siku gani au majira gani ambayo watu hawawezi kuja kutazama mchezo, na kwa nini?