Somo la vijana: Kujitayarisha kwa konkuru ya kuingia kazi ya Leta

 Wengi wenu mnauliza: inafaa nini mtu kukesha miezi mitatu juu ya vitabu, iwapo nafasi za kazi ya Leta zinagawanywa kwa ndugu na rafiki? Swali hilo ni la haki, na hatutalikwepa. Lakini tuanze na yale sheria inayosema, maana wengine wamekata tamaa mbele ya mlango ambao hawajapata hata kuugonga.

Sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo inayowaongoza watumishi wa Serikali katika nchi yetu. Ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1981. Inataka mtumishi aingie kwa konkuru. Tena Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 13, inakataza Mkongomani kubaguliwa katika elimu na katika kuingia kazi za Serikali kwa sababu ya dini, ukoo, kabila au lugha. Basi konkuru si hisani ya mkubwa fulani.

Je, sheria hiyo inafuatwa siku zote? La. Mnawajua walioingia ofisini kwa barua ya mjomba, bila mtihani. Lakini tazameni vizuri hali ya wengi wao: wanakaa miaka bila namba ya matrikili, na asiye na matrikili hana mshahara. Anakwenda kazini kila asubuhi, anavaa koti, anapiga mihuri, na nyumbani ni bibi yake anayewalisha watoto kwa kuuza unga. Kupita dirishani nako kuna bei yake.

Tukumbuke pia tulikotoka. Tulipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, kati ya maelfu ya wakubwa wa utawala, Wakongomani walikuwa watatu tu. Mwaka 1961 ikabidi kufungua upesi shule ya sheria na utawala, ENDA, katika mji wa Léopoldville. Siku hizi iko ENA ya Kinshasa, iliyoundwa mwaka 2013, nayo pia huingiwa kwa konkuru.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Jambo la kwanza ni kusoma tangazo. Lisomeni lote, si kusimuliwa na jirani. Andikeni katika daftari: mwisho wa kupokea dosiye ni siku gani, umri gani unatakiwa, diploma ya namna gani, mtihani utafanyika katika mji gani. Kisha hesabuni siku mkirudi nyuma kutoka tarehe hiyo. Karatasi ndizo zinazowaangusha watu kabla ya mtihani: cheti cha kuzaliwa, cha uraia, cha tabia njema, cha afya, na fotokopi za diploma zenye muhuri. Angalieni majina. Ikiwa diploma inasema Kabongo Jean na cheti cha kuzaliwa kinasema Kabongo wa Ilunga, shughulikieni jambo hilo mwezi wa kwanza, msilingoje juma la mwisho wakati foleni ya komini inafika barabarani.

Jambo la pili ni wakati. Tuseme mna majuma kumi na mawili. Mtu anayefanya kazi mchana hawezi kusoma saa nane kwa siku, asijidanganye. Lakini saa mbili anaweza, alfajiri, nyumba ikiwa bado kimya. Saa mbili kwa siku sita za juma ni saa 12. Kwa majuma kumi na mawili ni saa 144. Hizo si kidogo. Na wenye nyumba wasaidie. Ikiwa dada yenu ndiye anayejitayarisha, mtu mwingine achote maji asubuhi hizo. Tumeona familia zinazomwombea kijana wa kiume afaulu, na msichana wa nyumba hiyohiyo, mwenye diploma sawa na yake, anatumwa sokoni saa kumi na mbili. Jambo hilo si haki.

Katiba ina vifungu 229. Vinatisha vikiwa pamoja. Lakini vitano kwa siku vinamalizika kwa siku 46, yaani karibu majuma manane ya siku sita, na kubaki majuma manne ya kurudia. Msivikariri kama kasuku. Baada ya kusoma kila kifungu, fungeni kitabu, mwelezeni mwenzenu kwa Kiswahili maana yake, kisha mwandike sentensi mbili kwa Kifaransa. Mtihani uko kwa Kifaransa. Hapo ndipo wengi wetu tunapoteza pointi: tunaelewa jambo, lakini mkono haujazoea kuliandika. Radio Okapi, tangu mwaka 2002, inatoa habari kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa. Sikilizeni habari ileile kwa lugha mbili, mtaona jinsi maneno ya utawala yanavyosemwa.

Tuchukue mfano mmoja wa swali, tukae juu yake kidogo. «Kwa nini utawala wa Serikali hauwezi kuwa mali ya chama?» Wengi wataanza hivi: «Utawala ni jambo la maana sana katika kila nchi ya dunia...» Ukurasa unajaa, msahihishaji hajapata kitu. Mwingine ataanza na kifungu cha 193 cha Katiba: utawala hauna siasa, hauegemei upande, na mtu yeyote asiugeuze kwa faida yake au ya chama chake. Kisha ataeleza sababu: waziri anakuja na kuondoka pamoja na Serikali yake, lakini katibu mkuu wa wizara na watu wake wanabaki, na ndio wanaojua faili ya shule au ya barabara ilifika wapi. Kisha ataleta mfano wa nchi. Mwaka 2015 mikoa yetu 11 iligawanywa ikawa 26, Kinshasa ikiwemo. Katanga peke yake ilizaa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kila mkoa mpya ulihitaji ofisi, hesabu, walimu wa kuandikishwa, orodha za mishahara. Ikiwa kila kiongozi mpya anafukuza makarani na kuleta wa chama chake, nani atajua orodha ya jana? Mnaona tofauti? Wa pili hakuandika maneno mengi zaidi. Alileta sheria, sababu, na jambo lililotokea.

Zoezeni pia kufupisha. Chukueni habari ya kurasa tatu, iandikeni kwa ukurasa mmoja, saa moja mbele yenu. Kazi ya ofisini yenyewe ndiyo hiyo: mkubwa hana nafasi ya kusoma yote.

Juu ya usiku wa mwisho: laleni. Mwenye kutaka kufunga chakula afunge majuma ya mbele, lakini asubuhi ya mtihani ale. Mtu mwenye kizunguzungu hasomi swali hadi mwisho. Abebe biki mbili, kitambulisho, maji, na awe ameona jengo la mtihani siku moja kabla.

Na fedha. Atakuja mtu mpole, amevaa vizuri, atasema anamjua mmoja wa tume, na kwa kiasi fulani jina lenu litakuwa kwenye orodha. Msimpe. Mtu huyo anachukua kwa watu ishirini. Wawili wakifaulu kwa nguvu zao wenyewe, atasema ni yeye. Wale kumi na wanane watamshtaki wapi, nao pia walitoa rushwa? Ada iliyoandikwa katika tangazo, kama iko, ilipeni mahali palipoandikwa na mchukue risiti.

Kwa kikundi cha Alhamisi ijayo, kila mtu alete kazi hii ameiandika: ukurasa mmoja kwa Kifaransa juu ya kifungu cha 175, kinachosema juu ya asilimia 40 ya mapato ya taifa inayopaswa kubaki mikoani. Aeleze maana yake kwa mji wake, na ataje shida moja ya kukitekeleza. Mtabadilishana karatasi, kila mmoja asahihishe ya mwenzake kwa biki nyekundu. Walio na tangazo la konkuru yoyote walilete pia, tulisome pamoja kwa sauti.