Damu ya Mkimbiaji: Mbinu, Mazoezi au Sindano?

Mwezi Septemba mwaka 2025 Alphonce Simbu alitwaa medali ya dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia ya riadha huko Tokyo. Hapa Songea palikuwa na furaha, na pia palikuwa na ubishi. Furaha ilieleweka, kwa kuwa hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Ubishi ulikuwa wa namna mbili. Kwanza watu walibishana juu ya mbinu: je, mkimbiaji aongoze tangu mwanzo, au ajifiche nyuma ya wenzake mpaka karibu na utepe? Pili walibishana juu ya dawa. Siku hizi wapo watu ambao wakisikia mtu yeyote amekimbia kasi husema papo hapo, "Hao wote wanachoma sindano." Husema hivyo bila kujua sindano hiyo ni ya nini, inafanya nini mwilini, wala inapimwaje. Kwa kuwa jambo lenyewe linahusu damu, mkojo na figo, linafaa kuzungumzwa katika ukurasa huu.

Nitaanza na mbinu, maana asiyeelewa mbinu hushuku bure.

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Karatu alikimbia fainali ya mita 1500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bastola ilipolia alitangulia, wala hakumsubiri mtu. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, ikawa rekodi ya dunia. John Walker, mwenyeji wa huko, alimfukuza mpaka mwisho akawa wa pili kwa 3:32.52, naye pia akapita chini ya rekodi ya zamani. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya. Miaka miwili baadaye, katika Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976, Walker yule yule alipata dhahabu ya mita 1500 kwa 3:39.17. Bayi hakuwapo. Tanzania ilisusia michezo hiyo pamoja na nchi nyingine za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Tena Bayi mwenyewe alikuwa amesumbuliwa na malaria.

Sasa hebu tujiulize: Walker alikuwa mzembe mwaka 1976? La. Alikimbia polepole kwa zaidi ya sekunde 6 kuliko Christchurch, na bado akashinda. Sababu ni kwamba Montreal hakuwapo mtu wa kuongoza kama Bayi. Anayetangulia hukata upepo kwa kifua chake, na yule aliye mgongoni mwake hupumzika kidogo kila hatua. Kwa hiyo wakimbiaji wengi hutegeana, huenda mwendo wa wastani, kisha hupasua katika mzunguko wa mwisho. Bayi alichagua kinyume chake, na mara nyingine alilipa gharama. Moscow mwaka 1980, katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, alitangulia tena kwa kasi, lakini katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland alimpita. Bayi akapata fedha kwa 8:12.48. Simbu naye huko Tokyo alifanya mambo kwa subira. Alikaa na kundi, akaingia uwanjani nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani, akamshinda kwa tofauti ya mia tatu za sekunde, yaani 0.03. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48.

Ninayasema haya ili tuone kwamba muda ulioandikwa hautoshi kumhukumu mtu. Muda mzuri huweza kuletwa na mtu aliyekubali kuongoza, na muda mbaya huweza kuwa wa bingwa.

Sindano hiyo ni ya nini?

Ndani ya damu mna chembechembe nyekundu. Kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kwenye misuli. Mkimbiaji anapokwenda kasi kuliko oksijeni inavyofika, misuli huanza kuuma na kuwa mizito, miguu ikakataa. Kwa hiyo mwenye chembechembe nyekundu nyingi huchelewa kuchoka.

Anayeamua ziwe ngapi ni figo. Figo zikiona oksijeni imepungua hutoa kichocheo kiitwacho erithropoietini, kwa kifupi EPO, nacho huamuru uboho wa mifupa utengeneze chembechembe zaidi. Mtu akiishi kwa muda mrefu sehemu za juu, kama nyanda za Karatu na Mbulu au Iten kule Kenya, ambako hewa ni nyepesi, figo zake hufanya kazi hiyo zenyewe, polepole na kwa kipimo. Ndiyo maana wakimbiaji hupiga kambi milimani.

Kuna wagonjwa ambao figo zao zimekufa na damu yao imepungua sana. Kwa ajili yao wataalamu walitengeneza EPO ya sindano, ikaanza kutumika hospitalini miaka ya 1980. Kwa mgonjwa wa figo ni dawa yenye msaada mkubwa. Shida ilikuja pale watu wazima wa afya walipoanza kujichoma ili washinde mbio.

Kwa mwanaume mwenye afya, katika sehemu 100 za damu, karibu 45 ni chembechembe na zilizobaki ni majimaji. Ukizidisha chembechembe, damu huwa nzito kama uji ulioongezwa unga. Moyo husukuma kwa shida. Mkimbiaji akitoka jasho maji hupungua, damu inazidi kuwa nzito, nayo huweza kuganda ndani ya mishipa. Ikiganda kwenye ubongo ni kiharusi. Ikiganda kwenye mishipa ya moyo, moyo hukosa damu. Ikiganda mguuni, bonge huweza kusafiri mpaka mapafuni. Usiku, mtu anapolala na moyo unapiga polepole, hatari haiondoki.

Wanakamatwaje?

Mwanariadha hukojoa mbele ya ofisa wa jinsia yake. Mkojo hugawanywa katika chupa mbili, A na B, zenye namba bila jina. A ikionyesha dawa, mhusika ana haki ya kuomba B ifunguliwe. Kipimo cha EPO kilianza kutumika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Tangu mwaka 2009 kuna pia pasipoti ya kibiolojia: damu ya mtu hupimwa mara kwa mara kwa miaka, na ikibadilika kwa namna isiyo ya kawaida, huulizwa sababu. Sampuli huweza kuhifadhiwa hata miaka 10 ili zipimwe upya.

Hapo ndipo Rashid Ramzi wa Bahrain alipokwama. Alikuwa wa kwanza katika mita 1500 huko Beijing mwaka 2008. Mwaka uliofuata sampuli yake ilipimwa upya, ikaonekana EPO ya aina mpya iitwayo CERA. Dhahabu akapewa Asbel Kiprop wa Kenya, na wengi tulimhurumia kijana huyo kwa kunyimwa shangwe yake siku yenyewe. Lakini mkojo wa Kiprop uliochukuliwa Novemba 2017 nao ulionyesha EPO. Alikana, na mwaka 2019 akafungiwa miaka 4.

Ya Ruth Chepngetich inatuhusu zaidi sisi wa hospitali. Oktoba 2024 alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya 2:10. Maneno yakaanza siku ile ile, ingawa hapakuwa na kipimo kilichomtia hatiani. Halafu mkojo wa Machi 2025 ulionyesha haidroklorothiazaidi. Hii ni dawa ya presha, kidonge cha kukojoza ambacho bibi na babu wengi katika parokia zetu wanacho mfukoni. Imekatazwa michezoni kwa sababu huongeza maji ya mkojo, na mkojo ukiwa maji matupu dawa nyingine hujificha. Kiwango kinachovumiliwa ni nanogramu 20 kwa mililita. Kwake zilikutwa 3,800. Alieleza kwamba alikuwa ameugua akameza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Oktoba 2025 alifungiwa miaka 3. Rekodi ya Chicago haikufutwa, kwa kuwa kosa lililothibitishwa ni la sampuli ya Machi. Wanaobishana vijiweni hawapendi jibu hilo. Mimi naliona ni la haki: mtu ahukumiwe kwa kilichopimwa.

Na watoto wetu je?

Msidhani haya ni ya Chicago tu. Karibu na UMITASHUMTA na UMISSETA vijana huja dirishani. Mmoja, mwanafunzi wa sekondari, alinijia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa nini?"

"Siumwi. Naomba dawa ya kuongeza damu. Wiki ijayo tunakwenda mashindanoni, na nikikimbia mita 800 napumua vibaya mzunguko wa pili. Wenzangu wanasema nimekuwa mvivu."

Nilitazama viganja na ndani ya kope, vyeupe. Tukampima: damu 9. Kwa kijana wa kiume wa umri wake tunataka 13 na kuendelea. Choo kilionyesha mayai ya minyoo ya safura. Minyoo hii huingia kwa nyayo za mtu anayetembea peku kwenye udongo uliochafuliwa na choo, kisha hunyonya damu katika utumbo mwembamba. Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma, nikamwambia mashindano ya wiki ile ayaache. Alilia, na mwalimu wake hakufurahi. Lakini chembechembe hazitengenezwi kwa wiki moja, huchukua miezi.

Kwa hiyo, wazazi, mtoto anayechoka kuliko wenzake aletwe apimwe damu, malaria na choo. Msichana anayetoka damu nyingi ya mwezi aletwe vilevile. Nyumbani apate maharage, dagaa, maini ikiwezekana, na mboga za majani pamoja na chungwa au limau. Chai ya rangi isinywewe pamoja na mlo, kwani huzuia chuma kuingia mwilini.

Kuna vidonge ambavyo vijana hununua bila cheti. Prednisolone na deksamethasoni, ambazo wengine huziita za kunenepesha, hupandisha sukari, hupunguza kinga na hudhoofisha mifupa. Aliyezizoea akiziacha ghafla huweza kuzimia. Dawa za kukojoza hutoa maji na chumvi za mwili, misuli ikakakamaa na moyo ukapiga ovyo. Diklofenaki haikukatazwa michezoni, lakini ikimezwa kabla ya mbio ndefu na mwili haujapata maji huumiza figo. Tena baadhi ya dawa za mafua zina efedrini, ambayo hukimbiza moyo na imekatazwa siku ya mashindano.

Kijana aliyefika ngazi ya kupimwa aseme mapema kwa daktari au mwenye duka la dawa, "Mimi ni mwanariadha," na atunze kasha la kila dawa aliyopewa, maana kisheria yeye ndiye anayejibu kwa kilichomo mwilini mwake hata kama alipewa na mama yake. Mwenye kisukari anayetumia insulini asiiache kwa hofu ya kupimwa. Kuna kibali cha matibabu; daktari hujaza fomu, nacho huombwa kabla ya mashindano.