Kulea Kangaga Laini Kwenye Upepo wa Mtwara

Makangaga mengi yanayopandwa nyumbani hapa Mtwara hayauawi na joto. Yanauawa na upepo na chumvi. Mwenye nyumba akiona majani yamekauka huzidisha maji, mizizi inaoza, na lawama yote inatupiwa jua.

Nazungumzia kangaga lile la vikonyo vyeusi vyembamba vinavyong'aa, lenye vijani vidogo vyenye umbo la upepeo. Wataalamu wa mimea huliita Adiantum. Lipo linalojiotea lenyewe kwenye mawe ya chokaa yanayovuja maji, Afrika Mashariki ikiwemo, nalo ni Adiantum capillus-veneris. Linalouzwa zaidi kama ua la ndani ni ndugu yake mwenye asili ya Amerika Kusini, Adiantum raddianum. Matunzo yao hayapishani sana.

Usilichanganye na makangaga makubwa ya mikokoni, Acrostichum aureum, ambayo majani yake hupita kimo cha mtu na huvumilia maji yaliyochanganyika na chumvi. Hilo letu halina uvumilivu huo hata kidogo. Wala usiende kung'oa mmea wowote ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Nunua kwa wauza miche, na kabla ya kupanda bodaboda lifunike kwa kanga au mfuko mkubwa, maana upepo wa safari hiyo fupi unatosha kuyakausha majani machanga.

Mahali pa kuliweka ndipo penye kazi yenyewe. Mtwara iko takriban nyuzi 10 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka: kwenye tarehe 20 hivi za Oktoba, na tena baada ya tarehe 20 Februari. Kati ya siku hizo mbili jua huwa upande wa kusini. Miezi mingine yote huwa kaskazini. Maana yake, baraza inayotazama kusini ina kivuli kizuri kuanzia Machi hadi Oktoba. Tatizo ni kwamba miezi hiyohiyo ndiyo ya upepo wa kusi, na kusi huipiga baraza hiyo moja kwa moja. Aliyejenga Shangani karibu na ufuko anaijua hali hiyo: hata vioo vya madirisha hushika chumvi.

Kwa hiyo wakati wa kusi liache upande wa kusini, ila ulikinge kwa jamvi, makuti yaliyosukwa au ukuta mfupi. Ikifika Novemba lihamishie upande wa kaskazini. Kaskazi nao utavuma, lakini mvua zinakuwa zimekaribia na hewa ina unyevu. Wenye nyumba za zamani zenye ua wa ndani, kama baadhi ya zile za mawe kule Mikindani, wana bahati: kona ya ua isiyofikiwa na jua la mchana inafaa mwaka mzima. Ndani ya nyumba, dirisha lenye mwanga usio wa jua kali linatosha, mradi kangaga lisipulizwe na feni au kiyoyozi.

Asiye na kona ya namna hiyo ana njia nyingine. Mwaka 1829 daktari wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alifunika pupa wa nondo ndani ya chupa yenye udongo mbichi, akashangaa kuona kangaga limeota humo, ilhali bustanini kwake makangaga yalishindwa na moshi wa mji. Sisi hatuna moshi ule, lakini tuna chumvi, na dawa ni ileile. Chukua dumu kubwa la maji ya kunywa linaloonyesha, likate, liwe nyumba ya kangaga dogo. Lifungue kidogo kila siku lipate hewa. Usiliweke juani kamwe, litapika mmea.

Maji ya kisima cha karibu na bahari yaonje kwanza. Ukisikia chumvi ulimini, usimwagilie. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati na uyatunze kwenye pipa lenye mfuniko kwa ajili ya miezi ya kiangazi. Ukungu mweupe unaoganda kwenye ukingo wa chungu ni dalili ya chumvi iliyorundikana: mimina maji safi mengi mpaka yatoke chini, kisha uache yachuruzike yote.

Udongo ushike unyevu bila kutota. Changanya mboji ya majani yaliyooza vizuri, mchanga wa mtoni (wa ufukweni hapana) na vipande vidogo vya mkaa. Nyuzi za makumbi ya nazi zinafaa sana, ila kama yalifukiwa baharini kwa ajili ya kusokota kamba, yaloweke na kuyasuuza mara kadhaa. Gusa udongo kwa kidole kila asubuhi. Kangaga hili likikauka hata siku moja ya joto, majani yaliyosinyaa hayarudi. Kuyanyunyizia majani hakusaidii kama watu wanavyodhani, kwani maji huteleza na kudondoka. Afadhali ukiweke chungu juu ya sahani yenye kokoto na maji, kitako kisiguse maji.

Mbolea za chumvichumvi ziogope. Maji ya samadi iliyooza, yaliyozimuliwa mpaka yakawa na rangi ya chai hafifu, mara moja kwa mwezi wakati wa mvua, yanatosha. Kwa walio jirani na mikorosho, msimu wa kupuliza salfa liingize ndani mapema, vumbi lile halina faida kwenye majani laini hivi.

Vimistari vya kahawia vilivyopangana chini ya ncha za majani visikutishe. Si wadudu, ni mahali pa spora, na kuna watu wamevikwangua kwa kucha wakidhani wanaokoa mmea.

Likikauka lote, usilitupe upesi. Kata majani yote karibu na udongo, weka chungu kivulini, udongo uwe na unyevu. Kama shina linalotambaa chini bado ni gumu na halijaoza, baada ya wiki chache utaona vichipukizi vilivyojikunja. Kuligawa kuwe mwanzoni mwa mvua, Novemba au Desemba: pasua shina kwa kisu kikali, kila kipande kibaki na mizizi na majani mawili matatu, kisha vifunike kwa mfuko mwangavu hadi majani mapya yatoke.