Kupima Mwendo wa Boti kwa GPS: Simu, Kifaa cha Mkononi au cha Kufunga?

Kutoka Vanga na Shimoni hadi Msambweni na Diani, manahodha wengi siku hizi hubeba kifaa cha GPS, au hutumia simu. Wavuvi hukitumia kurudi mwambani pale pale walipopata samaki jana. Wanaopeleka wageni Kisite hukitumia kukadiria saa ya kufika. Kifaa hicho hicho huonyesha mwendo wa chombo, na hapo ndipo makosa hutokea. Nahodha anayesoma mwendo vibaya hukosea hesabu ya mafuta, na mafuta yakiisha nje ya miamba, chombo huchukuliwa na mkondo. Somo hili linaeleza jinsi ya kulinganisha vifaa na kusoma mwendo kwa usahihi.

GPS inapima nini?

Kifaa hupokea mawimbi ya satelaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 20,200 juu ya dunia. Zinahitajika angalau nne ili kijue mahali kilipo. Hakihitaji mtandao wa simu wala bando. Ramani tu ndiyo hupakuliwa mapema ukiwa nchi kavu.

Vifaa vizuri havipimi mwendo kwa kuhesabu hatua kutoka sehemu moja hadi nyingine pekee. Husikiliza jinsi mawimbi ya satelaiti yanavyobadilika chombo kinapokwenda. Ndiyo maana kifaa kinaweza kukosea mahali kwa mita kadhaa, lakini kikasoma mwendo kwa usahihi mkubwa.

Mwendo wa baharini huhesabiwa kwa noti. Noti 1 ni maili 1 ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852 kwa saa.

Aina tatu za vifaa

*Simu.* Wengi tayari wanayo. Kwenye uwazi hupima mwendo vizuri chombo kikienda sawasawa. Udhaifu wake ni betri, maji ya chumvi na kioo kisichosomeka juani. Programu nyingine hulainisha hesabu, hivyo boti ikipunguza mwendo ghafla namba huchelewa kushuka.

*Kifaa cha mkononi cha baharini.* Hakiingii maji kwa urahisi, kina vitufe, na betri zake nyingi hubadilishwa chomboni. Baadhi ya watengenezaji hutaja kosa la noti 0.1 kwa chombo kinachokwenda mwendo thabiti.

*Kifaa cha kufungwa chomboni.* Hutumia umeme wa betri ya boti, kioo chake ni kikubwa na antena yake hukaa mahali palipo wazi. Kinafaa boti za watalii na za uvuvi wa mbali, lakini ni ghali na hakifai mtumbwi au dau lisilo na umeme.

Jinsi ya kulinganisha

1. Weka vifaa vyote pamoja, mahali panapoona anga, mbali na paa la bati. Visishikwe mkononi, kwa sababu mkono ukiyumba na wimbi namba huruka.
2. Hakikisha vyote vinasoma noti. Mara nyingi tofauti kubwa inayolalamikiwa ni kwamba kimoja kinasoma kilomita.
3. Subiri dakika chache vipate satelaiti za kutosha.
4. Chagua alama mbili ambazo umbali wake unajulikana. Nenda moja kwa moja kwa mwendo uleule wa mashine, huku ukiandika namba za kila kifaa kila baada ya nusu dakika.
5. Pima muda kwa saa. Umbali ukigawanywa kwa muda ndio mwendo wa kulinganishia.
6. Geuka, urudi njia ile ile, upime tena.

Namba ya "mwendo wa juu kabisa" isitumiwe kulinganisha. Kosa la sekunde moja linatosha kuiharibu.

Mkondo: jambo la kuangalia zaidi

GPS hupima mwendo wa chombo juu ya ardhi, si juu ya maji. Pwani ya Kwale mkondo mkuu huelekea kaskazini, na huwa na nguvu zaidi wakati wa kusi. Karibu na visiwa na milango ya miamba, maji kujaa na kupwa huongeza mkondo mwingine, hasa siku za bamvua.

Chukua mfano wa boti inayokwenda noti 8 juu ya maji, mkondo wa noti 2 ukielekea kaskazini, safari ya maili 12 kwenda na 12 kurudi, na mashine inayokunywa lita 10 kwa saa.

- Kwenda kaskazini: GPS husoma noti 10. Saa 1 na dakika 12, lita 12.
- Kurudi kusini: GPS husoma noti 6. Saa 2, lita 20.

Jumla ni lita 32. Nahodha aliyeona noti 10 akadhani kurudi ni vivyo hivyo atabeba lita 24, naye ataishiwa mafuta njiani. Kifaa chake hakikukosea. Yeye ndiye aliyesahau mkondo.

Kujua mwendo halisi wa boti juu ya maji, jumlisha masomo ya kwenda na kurudi, ugawe kwa mbili: 10 na 6 ni 16, nusu yake ni 8. Vipimo viwili vifuatane haraka, kabla maji hayajabadilika.

Ushauri kwa wenye vyombo

Kwa safari za ndani ya miamba, simu iliyofungwa kwenye mfuko usioingiza maji inatosha. Kwa safari za nje, kifaa cha mkononi ndicho kiwe tegemeo na simu iwe akiba. Hesabu ya mafuta ifanywe kwa mwendo wa upande mgumu, na akiba iongezwe juu yake. Dira, jaketi za kujiokoa na taarifa kwa BMU kuhusu saa ya kurudi bado ni lazima, hata kifaa kiwe kizuri namna gani.