Kadi ya Mlango: Salamu kwa Bibi na Maandalizi ya Kimbunga



Somo la wiki hii lina mambo mawili ambayo si kawaida kuyakuta kwenye meza moja. La kwanza ni kutengeneza kadi ya salamu ya kukunja. La pili ni kuiandaa nyumba kabla ya kimbunga. Kabla hamjashika mikasi, naomba niwasimulie kwa nini nimeyaweka pamoja.

Neno moja lililopotea

Mama yangu anaishi Kilwa. Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024 redio zote za nyumbani zilikuwa zinatangaza onyo la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania: kimbunga kinachoitwa Hidaya kinakaribia pwani. Mimi nilikuwa zamu ya usiku hapa Doha. Simu yangu ya pili nilikuwa nimeiacha nyumbani, na mama alipopiga, mwanangu wa miaka tisa ndiye aliyepokea.

Mama alimwambia: "Mjukuu wangu, mwambie mama yako nahamia kwa jirani, kwenye nyumba ya matofali. Simu yangu inaisha chaji."

Asubuhi niliporudi, mtoto aliniambia: "Bibi alipiga. Anakusalimia."

Jumamosi kimbunga kilifika kisiwa cha Mafia. Nilipiga simu ya mama tangu asubuhi mpaka usiku, haikupatikana. Namba ya jirani sikuwa nayo. Tukasikia barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi imekatwa na maji maeneo ya Somanga. Mimi ni muuguzi, nimezoea kuwaambia ndugu za wagonjwa wawe na subira. Siku zile mbili subira yenyewe sikuiona.

Jumapili jioni mama alipiga kwa simu ya jirani. Alikuwa mzima, amekula, na dawa zake za presha anazo. Akashangaa nilivyolia. "Si nilimwambia mjukuu wangu?"

Alikuwa amemwambia kweli. Mtoto alisikia "mama yako", akasikia "simu", lakini neno *nahamia* hakulijua. Kosa halikuwa lake. Neno hilo sikuwahi kumpa, kwa sababu nyumbani kwetu tulikuwa tunaongea Kiswahili cha chakula na viatu tu: kula, vaa, haraka, basi la shule limefika.

Tangu siku ile nina deni, na somo hili ni sehemu ya kulilipa.

Kimbunga ni nini?

Kimbunga ni dhoruba kubwa inayozunguka juu ya bahari yenye maji ya joto. Katikati yake pana utulivu, panaitwa jicho. Upande wetu wa kusini mwa ikweta upepo wake huzunguka kama mishale ya saa. Karibu kabisa na ikweta vimbunga havijengeki kirahisi, kwa kuwa mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuusokota upepo pale. Ndiyo maana pwani yetu haivipati mara nyingi kama Madagaska au Msumbiji.

Lakini "si mara nyingi" haina maana ya "kamwe". Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, na kuharibu merikebu za Seyyid Barghash. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndiyo ikawa kisiwa kikuu cha karafuu. Aprili 1952 kikapigwa tena Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita Komoro na kuingia kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara. Wenzetu wenye ndugu Omani wanakumbuka Gonu ya Juni 2007, na Shaheen iliyotua pwani ya Al Batinah Oktoba 2021.

Vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi hupewa majina kwa kufuata alfabeti kila msimu. Zamu ya herufi H ilipofika, jina lilikuwa Hidaya. Nani anajua maana ya hidaya? Ni zawadi. Sasa na sisi tutengeneze hidaya yetu.

Kadi ya mlango

Kadi yetu itafanana na milango ya kuchongwa ya Unguja, Lamu na Kilwa. Mlango huo una mabawa mawili, na katikati una *mfaa*, ule ubao mrefu unaofunika pale mabawa yanapokutana. Chini kuna *kizingiti*. Kwa ndani kuna *komeo* la kufungia.

Utahitaji: karatasi mbili za manila za ukubwa wa A4 (moja ya kahawia, moja nyeupe), rula, mkasi, gundi, penseli, kalamu ya wino ya kawaida, rangi, na utepe wa kitambaa wa sentimita 40. Kipande cha kanga kuukuu kinafaa sana.

1. Laza karatasi ya kahawia, upande mrefu uwe mbele yako. Pima katikati, karibu sentimita 14.8, weka alama ndogo ya penseli juu na chini.
2. Kunja ukingo wa kushoto ufike kwenye alama. Kunja na wa kulia. Pitisha mgongo wa rula juu ya kila mkunjo ili ukae vizuri. Sasa una mlango wa mabawa mawili.
3. Kutoka karatasi nyeupe kata ukanda wa upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 21. Huo ndio mfaa. Upake rangi, kisha utie gundi nusu ya upana wake tu na uubandike kwenye bawa la kulia. Ukitia gundi pande zote mbili, mlango hautafunguka. (Kila mwaka kuna anayefanya hivyo. Mwaka jana alikuwa mwalimu.)
4. Pamba mabawa: maua, minyororo, vidoti vya njano kuwa misumari ya shaba.
5. Kwenye karatasi nyeupe iliyobaki kata ukanda wa sentimita 28 kwa 7. Ukunje katikati, halafu katikati tena, upate vipande vinne vya sentimita 7. Ukunjue, kisha uukunje upya mbele na nyuma, kama feni ya karatasi.
6. Bandika mgongo wa kipande cha mwisho ndani ya kadi, katikati. Ukivuta kipande cha kwanza, vyote vinne vinafunguka.
7. Juu ya ukanda huo, ndani, andika salamu. Chini yake andika methali moja, kama kanga inavyobeba jina lake. Mimi nimechagua "Tahadhari kabla ya hatari". Chagua yako.
8. Zungusha utepe na ufunge fundo jepesi. Hilo ndilo komeo.

Vipande vinne vinaandikwa nini?

Hapa tumia penseli au kalamu ya wino ya kawaida, si kalamu zile nene za rangi. Wino wake ukilowa maji huchuruzika, na penseli hubaki.

*Kipande cha kwanza: Namba.* Namba tatu kwa uchache: yako Doha, ya jirani wa bibi, na ya ndugu anayeishi mji mwingine kabisa. Mtandao wa simu wa kijiji kizima ukikatika, yule wa mji mwingine anaweza kuwa njia ya habari. Nanyi andikeni namba hizo hizo kwenye daftari hapa. Nilikosa namba moja tu nikakosa usingizi siku mbili.

*Kipande cha pili: Dawa.* Majina ya dawa, kipimo, na saa za kumeza. Dawa za siku 7 zikae kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na kadi ya kliniki. Mgonjwa wa presha au kisukari anayepoteza dawa zake kwenye mafuriko yuko hatarini hata kama nyumba yake imebaki imesimama.

*Kipande cha tatu: Mahali.* Tutahamia wapi, kwa njia ipi, na nani atamshika mkono bibi. Nyumba ya matofali kwenye mwinuko ni bora kuliko nyumba ya udongo na makuti karibu na maji. Amueni mapema, si wakati upepo umeshaanza.

*Kipande cha nne: Akiba.* Maji, chakula kisichohitaji kupikwa, tochi na betri, redio ndogo, kiberiti kilichofungwa plastiki, na vyeti. Tufanye hesabu ya maji: mtu mmoja lita 4 kwa siku za kunywa na kupikia. Nyumba ya watu 5 kwa siku 3 ni 4 × 5 × 3, yaani lita 60. Hayo ni madumu matatu ya lita 20. Watoto, fanyeni hesabu ya nyumba ya bibi yenu.

Mambo matatu ya muuguzi

Kwanza, upepo ukikatika ghafla, msitoke nje kushangaa. Huenda ni jicho la kimbunga linapita, na upepo utarudi kutoka upande wa pili.

Pili, msiingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Moshi wake mnauona, lakini kuna hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na huua watu wakiwa wamelala.

Tatu, baada ya mafuriko msikanyage maji yaliyotuama penye nyaya zilizoanguka, na maji ya kunywa yachemshwe. Mtu akiharisha, apewe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kisha apelekwe kituo cha afya.

Maneno ya leo

Angalieni jinsi herufi chache zinavyogeuza kazi:

kunja – kunjua
funga – fungua
ziba – zibua
funika – funua

Na hili ndilo neno letu kuu:

*hama*: kuondoka unapokaa. "Wamehama."
*hamia*: kwenda kukaa mahali. "Nahamia kwa jirani."
*hamisha*: kumtoa mtu au kitu. "Tumemhamisha bibi."

Sasa jambo la adabu. Kwa mdogo wako unaweza kusema, "Funga dirisha!" Kwa bibi haisemwi hivyo, hata upepo ukivuma. Unaanza na shikamoo, unasubiri marahaba, ndipo unaomba:

"Bibi, naomba ufunge madirisha."
"Babu, tafadhali uchaji simu mapema."
"Bibi, dawa zako umeziweka wapi?"
"Utahamia kwa nani?"
"Naomba unirudilie polepole, nimwambie mama."

Sentensi ya mwisho ishikeni kuliko zote. Hakuna aibu kuomba kurudiliwa. Mtoto anayesema "sijaelewa, bibi" amefanya kazi kubwa kuliko anayeitikia "ndiyo, ndiyo" halafu habari ikapotea.

Zoezi la nyumbani

1. Maliza kadi yako na uiweke kwenye mfuko wa plastiki.
2. Mpigie simu bibi, babu au shangazi. Muulize: "Je, umewahi kuona kimbunga au tufani? Ilikuwaje?" Andika sentensi tano za majibu yake.
3. Mzazi akwambie ujumbe mmoja mrefu kwa Kiswahili, nawe ukaupeleke kwa mtu mwingine chumba cha pili. Tuone kama umefika mzima.

Kwa wazazi

Hapa Doha hatutegemei vimbunga vya bahari kuu, lakini wengi wetu tulikuwapo Oktoba 2018 mvua ilipojaza maji barabarani. Tengenezeni kadi ya pili, ya mlango wenu wenyewe, na kwenye kipande cha namba muandike 999. Mtoto ajue pia jengo lenu linaitwaje na mko mtaa gani.

Msimu wa vimbunga upande wetu ni hasa Novemba hadi Aprili, ingawa Hidaya ilitufundisha kwamba hata Mei si salama. Anayesafiri likizo ya Desemba abebe kadi za wenzake wa njia moja. Kwa bibi asiyeona vizuri, andikeni kwa herufi kubwa, na mumsomee kadi nzima kwa simu ikishafika.

Kadi ya mwanangu iko ukutani Kilwa, pembeni ya kalenda. Kwenye kipande cha tatu ameandika kwa mkono wake: "Bibi atahamia kwa jirani." Mama anasema kila mgeni akiingia lazima aoneshwe.

Jumamosi ijayo njooni na mikasi, na kila mtoto aje na neno moja jipya alilopewa na bibi yake.

Mwalimu wenu wa Jumamosi