SOMO LETU: SIRI YA MGONJWA NI YA NANI?



Wenzetu wa Takaungu wametuuliza swali. Mwanachama anaomba pesa za matibabu kutoka mfuko wa kikundi. Mweka hazina anaujua ugonjwa, lakini mwenyewe hataki utajwe. Wengine wananong'ona: "Pesa ni zetu, basi tuambiwe zinatibu nini!" Tufanyeje?

Tuanze na hadithi ya televisheni. Mchezo wa Marekani uitwao ER, wa miaka ya 1994 hadi 2009, ulihusu hospitali moja ya Chicago. Katika vipindi vya 1996, Jeanie Boulet, msaidizi wa daktari, anagundua kuwa ana virusi vya UKIMWI. Ananyamaza na kuendelea na kazi kwa uangalifu. Daktari mmoja anashuku, anachungulia rekodi zake. Je, amewalinda wagonjwa, au ameiba siri?

Mchezo ni wa kubuni, lakini swali ni letu.

Kwanza, tuujue ugonjwa. Virusi hivi haviambukizi kwa kushikana mikono, kula sahani moja wala kuketi mkeka mmoja. Anayemeza dawa kila siku hata virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Pili, tujue sheria. Sheria ya UKIMWI ya Kenya ya 2006 inakataza kutangaza majibu ya mtu bila ruhusa yake ya maandishi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa humo.

Tatu, tupange njia. Kikundi kinahitaji kujua kwamba pesa zimefika hospitali, si jina la ugonjwa. Wekeni katika katiba yenu kwamba risiti zitaonwa na watu wawili tu mliowachagua, wenye vifua.

Lakini kutunza siri si kumwacha mtu peke yake. Kama mke au mume yuko hatarini, tumsindikize mgonjwa kwa mshauri wa zahanati, apate nguvu ya kumwambia mwenzake kwa kinywa chake. Sisi tusimsemee.

Yule Msamaria wa Injili hakumhoji majeruhi. Alimfunga vidonda, akalipa gharama. Na wazee wetu, Waislamu kwa Wakristo, walisema: siri ya mtungi aijuaye kata.

Ya kujadiliana:

1. Katiba yetu yasema nini juu ya siri ya mgonjwa?
2. Siri ya mmoja ikivuja, ni wangapi wataogopa kwenda kupimwa?
3. Yule daktari angefanya nini badala ya kuchungulia?